Maji Yaliyotakata

Dada alikuwa muuguzi wa zahanati, na kama kuna kitu alichokichukia ni uzembe. Viuavijasumu, zile dawa za kuua vijidudu, vikipita tarehe, hakuvitupa jalalani kama wenzake, watoto waje kuokota. Alivifungua kimoja kimoja, akaviyeyusha kwenye ndoo, akamwaga kwenye sinki. Bomba la sinki lilitokea nyuma ya ukuta, likaingia mtaro, na mtaro ukateremka hadi bwawa la samaki la mdogo wake. Hilo hakuliwaza hata siku moja.

Mdogo wake huyo walimbandika jina la Kinyonga, kwa jinsi alivyobadili kazi: uashi, kinyozi, ulinzi. Bwawa ndilo lililomtuliza. Huu ulikuwa mwaka wa tatu, na Dada, aliyemsema tangu utotoni, alikuwa ameanza kukosa la kusema.

Kisha maji yakapoteza ukijani wake. Yalitakata hadi matope ya chini yakaonekana, na Dada akamtania kwamba sasa hata yeye ataoga. Lakini samaki wakaanza kuelea midomo juu, wakitafuta hewa. Wanaumwa hao, Dada alisema, akampa mfuko mzima wa dawa zilizosubiri ndoo. Kinyonga akazimwaga zote. Baada ya wiki alikuwa akiopoa samaki waliokufa kwa karai.

Bwana samaki, afisa wa ufugaji samaki, alipoitwa, aliuliza kwanza mtaro unatoka wapi, na Kinyonga hakujua. Ule ukijani, alieleza, ni mwani, vimea vidogo mno vinavyowalisha samaki na kuwapa hewa. Dawa ya kuua vijidudu huviua navyo. Dada alikuwa amesimama palepale na sare yake nyeupe. Akarudi kazini.

Siku ya tatu alimkuta Kinyonga anakunja nyavu. Amepata tena kazi ya ulinzi, alisema.

"Mimi na kazi hatupatani, Dada. Dawa nilizimwaga kwa mkono wangu. Ulisema kweli tangu zamani."

Miaka yote Dada alitaka kusikia maneno hayo. Sasa yalimchoma.

"Mtaro ule unatoka kwenye sinki yangu," alisema. "Dawa mbovu zote nazimwaga humo. Na nilizokupa ni zilezile."

Kinyonga aliacha kukunja. Dada alingoja tusi, na angelipokea kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Kinyonga akaketi ukingoni, nyavu mapajani, akalia. Siku tatu nzima Dada alikuwa amemwacha aamini ni yeye.