Idadi ya Watoto

Redempta ndiye aliyeileta fomu, kaikunja ndani ya khanga isilowe. Masika yalikuwa yanapiga mabati ya Majengo, na chumba walichopanga hakikuwa na meza, kwa hiyo Digna akaandikia juu ya sinia lililogeuzwa.

"Andika polepole, hawatoi nyingine," Redempta alimwambia. Yeye alikuwa mwenyeji katika kiwanda kile cha kushona sare, na alijua wakubwa wanapenda kusoma nini. Kwa nini unataka kazi hii? "Kulijenga taifa. Usiandike njaa. Nani hana njaa?" Ulikuwa mwaka 1974, watu wakipanga foleni ya unga wa njano wa msaada.

Umeolewa? Hapana. Hilo lilikuwa kweli; Januari, kijana aliyempa mimba, alishuka kwenda kwenye mashamba ya miwa na huko akaoa.

Idadi ya watoto. Kalamu ikasimama. Kule Kilema mlimani, kwa mama yake Kornelia, Digna alikuwa na Basili, mtoto wa miaka mitatu.

"Andika hakuna," Redempta akasema. "Wenye watoto wadogo hawachukuliwi. Wanasema leo homa, kesho kuhara, mashine inalala."

"Na wakijua?"

"Watajuaje? Mtoto yuko mlimani."

Akaandika hakuna, akatia sahihi chini ya maneno yaliyoonya kwamba atakayedanganya ataachishwa kazi.

Ndugu Thadeus, afisa utumishi, aliisoma mbele yake, kidole kikifuata mistari.

"Huna mtoto?"

"Sina."

Lilimtoka kirahisi, na urahisi ule ukamtisha.

Kazi akapata. Kila Jumapili alipanda Kilema na sukari au sabuni, kilichopatikana. Lakini wenzake wawili wa kiwandani walisali kanisa lilelile, kwa hiyo akamwomba mama yake amfundishe Basili kumwita yeye dada, na bibi yake kumwita mama.

"Mtoto hana baba," Kornelia alisema, "sasa unamnyima na mama?" Hata hivyo alimfundisha, na mtoto akashika upesi.

Mwezi wa Julai, baridi ikiwa kali, surua iliingia vijijini. Jumatano asubuhi binamu yake, Sirili, alifika kwenye lango la kiwanda akihema.

"Imemwingia kifuani. Tumempeleka hospitali. Mama anasema uje sasa hivi."

Digna alikwenda moja kwa moja kwa Ndugu Thadeus. Hakuwa mtu katili; ukutani alikuwa ametundika picha ya wanawe wakiwa na nguo za komunio.

"Mdogo wangu ni mgonjwa sana, ndugu. Naomba ruhusa."

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

"Basi ana wa kumwangalia. Sare za mgambo zinatakiwa Jumamosi. Angekuwa mwanao ningekuruhusu hata sasa, na gari ningekutafutia. Kwa mdogo siwezi. Kila mtu hapa ana wadogo."

Digna alifungua mdomo. Mibuni ya mama yake ilikuwa imekaushwa na ukame wa mwaka uliopita, na nyumba nzima ilikula mshahara huu. Maziwa ya Basili yalitoka humo humo. Akaufunga mdomo.

"Asante, ndugu."

Akamwambia Sirili atakuja Jumamosi mchana, akarudi kwenye mashine.

Jumamosi, aliposhuka kwenye basi na kupanda kwa miguu kufuata mfereji, wanawake aliokutana nao walimpisha njia bila kumwuliza habari za mjini. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani, katikati ya migomba, udongo ulikuwa mbichi. Walikuwa wamemzika jana yake.

Kornelia alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Hakumlaumu.

"Alikuwa anaita mama," alisema. "Mama, mama, mpaka sauti ikakauka. Nami naitika. Sasa sijui kama alikuwa ananiita mimi."

Digna akakaa chini, pale pale kwenye tope.

Jumatatu alirudi kiwandani. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemwambia nenda, tutakula nini. Ndugu Thadeus alimkuta koridoni.

"Mdogo wako anaendeleaje?"

"Tumemzika. Alikuwa mwanangu."

Yule bwana alitazama nyuma kama kuna aliyesikia, akamwingiza ofisini na kufunga mlango.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenifukuza."

Alitaka kukana, Digna alimwona akilitafuta neno. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Ningekufukuza." Kisha, kwa sauti ya chini: "Sijasikia ulichosema. Umefiwa na mdogo wako. Umenielewa? Nenda ukapumzike leo."

"Nitafanya kazi, ndugu."

Alishona mifuko ya sare mpaka kengele ya jioni. Wenzake walikuja mmoja mmoja kumpa pole ya kufiwa na mdogo wake, naye akawajibu wote kwamba ameshapoa. Redempta peke yake hakuja. Alikuwa ameinamia mashine yake, mgongo kaugeuzia dirishani, na uzi ulikuwa umemkatikia kitambo bila yeye kuona.