Alifikishwa Siku ya Ngapi

...mshipa huu hapa, hapana, umeteleza, mishipa ya mama yake hii, myembamba, inajificha, yangu imetutumka hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeipata, na tumenyonya titi moja mimi na mama yake, mpira nimeshaufunga juu ya kiwiko chake, ruhusa ni dakika moja tu, ikipita damu inatuama na vipimo vinadanganya, ndivyo ninavyowafundisha wengine humu maabara, "Kunja ngumi, mwanangu," "Nimekunja, mama mkubwa," amekunja kweli na uso ameugeuzia ukutani, anaogopa sindano, mama yake naye aliogopa sindano na mende na radi, mdogo wangu yule, tukamwita Yai, akikwaruzwa kidogo analia, baba akimbeba anasema taratibu jamani, litapasuka, tunacheka, na yeye anacheka huku kamasi zinamtoka... "Mama mkubwa, kwa hiyo ni kweli alivyosema daktari?" alivyosema nini, alisema mengi asubuhi huyu daktari wa utafiti wa homa ya dengi, kwamba kila mtu huzaliwa na kinga yake, nusu kwa baba na nusu kwa mama lakini si nusu zilezile kwa kila mtoto, ndiyo maana mbu wa pipa moja wanaweza kuwauma ndugu wawili, mmoja kinga yake ikavitambua virusi mapema na kuvimaliza, mwingine ikachelewa, halafu ikaja kwa hasira mpaka mishipa yake mwenyewe ikavuja, nami nilikuwa naitikia kwa kichwa kama ndiyo kwanza nasikia, mimi niliyeugua dengi siku tatu nikarudi kazini na vidonge mfukoni, najisifu... "Kwamba kama mama aliwahishwa hospitali na bado akafa, basi shida iko kwenye damu yetu," anauambia ukuta, "maana uliandika siku ya pili, si ndiyo?" niliandika, swali la saba la fomu yao, mgonjwa alifikishwa hospitali siku ya ngapi ya homa, nikaandika pili, na hakuna aliyenilazimisha, siku ya pili ndiyo aliyonipigia simu, dada, macho yanauma kwa nyuma, mifupa kama inavunjwa, nimetapika mara tatu, nikamwambia hiyo ni dengi tu, hata mimi nimetoka nayo juzi, kunywa maji, lala, usijidekeze, Yai, na yeye akacheka, alicheka jamani, akasema haya, daktari wangu, mimi si daktari, mimi napima damu za watu, na damu yake sikuipima, nilimpima kwa mwili wangu... siku ya nne akapiga tena, homa imeshuka, dada, ila tumbo linakata, nikasema umeona, si nilikuambia, na pale nilipokaa humu maabara karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, niliibandika mwenyewe, homa ikishuka na tumbo likiuma mkimbize mgonjwa hospitali, nilikuwa naitazama huku namwambia umeona... siku ya tano majirani walimbeba mpaka hospitali, nilifika amefumba macho, fizi zinatoka damu, na msibani wakasema mficha maradhi kifo humuumbua, nami nikaitikia kwa kichwa, Mungu anisamehe, niliitikia, wakati hakuficha, aliniambia mimi, mara mbili... "Siku hizi mbu akilia tu silali," anasema, "nawaza, ataniuma huyu na hata nikienda mapema nitakufa, ila afadhali tumejua, hakuna wa kulaumiwa, eti mama mkubwa?" eti, nikisema ndiyo nimepona, ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye utafiti wao, nikajiandikisha wa kwanza, nikamleta na mtoto, nilitaka damu iseme haikuwa mimi, na huenda ni kweli, huenda Yai alizaliwa na kinga ya namna hiyo na hata angewahi angekufa, sitajua, nafasi ya kujua nimeshaiharibu, lakini huyu, huyu hajaugua bado, na nimemtwisha kifo nilichokisababisha mimi akadhani amekirithi, akiugua kesho atasema ya nini kukimbia, mama alikimbia... "Umeupata?" "Bado, mwanangu, vumilia," fomu iko pale chini ya kiwiko chake, pili, mwandiko wangu mzuri, na kanuni ya humu ndani ni kwamba kosa halifutwi wala halipakwi wino mweupe, linapigwa mstari mmoja ili lililokuwepo lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia sahihi, nimewagombeza wangapi kwa hilo, mstari mmoja, jamani, tuone ulichoandika... saa ya ukutani inaenda, sekunde hamsini, nifungue mpira, nianze upya, mkono wake bado umenyooka, ngumi imekunjwa, ananiamini kama yule, kalamu iko mfukoni, pili, mstari mmoja, tano, jina langu, na ataona yote mawili, ataniuliza, na nitamwambia alinipigia, mwanangu, mama yako aliwahi, mimi ndiye niliyechelewa...