Kiti Kimoja Miguu Juu

Harufu ndiyo iliyomwambia kwamba anaungua. Mama Kengele alikuwa amesimama kwenye meza ya pasi tangu asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la dobi, akinyoosha shati la mtu asiyemjua, na pasi ilikuwa imeegemea kifundo cha mkono wake kwa muda ambao mtu mwingine angekwisha ruka hadi darini. Alinusa kwanza. Akaitazama kola, nyeupe pe. Ndipo akautazama mkono.

"We mama! Unajichoma!" alipiga kelele mwenzake wa meza ya pili, mwanamke mwenye ulimi usio na breki.

"Naona."

"Unaona? Watu wakiungua husikia, shoga, hawaoni!"

Mama Kengele akauweka mkono chini ya bomba. Maji yakapita juu yake kama yanavyopita juu ya sahani. Ndivyo alivyokuwa tangu alipomzika kijana wake wa kwanza, mwaka wa pili huu: mwili uko kazini, mwenyewe hajulikani aliko. Alipika, na chumvi ikakaa pale pale panapotakiwa. Wenzake wakicheka naye alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesubiri kutafsiriwa.

Na jina lile hakulipata kwa kukaa kimya. Wakati kijana wake akisoma sekondari, yeye ndiye aliyekuwa roho ya kamati ya wazazi na walimu. Kabla ya kila kikao alipiga simu nyumba baada ya nyumba, na asiyepokea alifuatwa mlangoni. Kuna baba mmoja aliyewahi kujificha chooni kwake mwenyewe, Mama Kengele akamngoja sebuleni mpaka akatoka. "Shule si ghala la kuhifadhia watoto," alikuwa akiwaambia. "Njooni muone wanapokaa." Wazazi walimcheka, wakamkimbia, wakamwita Kengele, na mwishowe walikuja. Madarasa yalijaa.

Kisha kijana akashikwa na homa, akalazwa, na wiki haikuisha. Alikuwa kidato cha tatu. Kengele ikanyamaza.

Jioni ile binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu sasa, alimfunga kitambaa mkononi bila kumuuliza aliungua vipi. Alikuwa amezoea kutouliza.

"Mama, Jumamosi kuna kikao cha wazazi."

"Mm."

"Mkuu wa shule anataka kufunga chumba cha kusomea saa za jioni. Anasema hana mwalimu wa kukaa nasi. Kitabaki wazi kama wazazi wa kidato chetu watashika zamu, na kama watakaofika Jumamosi watajaza nusu ya viti. Nusu isipotimia, kufuli."

"Si usomee hapa? Meza ipo."

Binti akakaza fundo la kitambaa. Akalikaza tena, ingawa lilikuwa limekaza.

"Hapa nyumbani, mama, hata saa ya ukutani inanong'ona."

Mama Kengele aliisikiliza saa ya ukutani. Ni kweli. Alijua kwamba maneno kama yale yalipaswa kumchoma mahali fulani, akangoja yachome. Hayakuchoma.

"Sikuombi uongee," binti akasema. "Wala usimpigie mtu simu. Uje tu, ukishushe kiti changu, ukae. Basi."

"Nitakuja."

"Kweli?"

"Nimesema nitakuja."

Binti akaenda kuosha vyombo, na kwa kitambo kirefu sahani ziligongana kwa furaha ambayo mama yake aliitambua kwa mbali, kama unavyoutambua wimbo wa redio ya jirani.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Siku moja kabla ya kikao, wanafunzi hufagia madarasa, hupangusa madawati, na kila mmoja hukipindua kiti chake na kukiweka juu ya dawati, miguu juu. Mzazi akifika hukishusha kiti cha mwanawe, akakaa hapo hapo, mahali mwanawe anapokaa mwaka mzima. Hakuna haja ya kuita majina. Ukisimama mbele unaviona mwenyewe viti vilivyobaki miguu juu, na kila mtu anajua ni vya kina nani.

Jumamosi Mama Kengele aliingia lango la shule kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hakufikiri njia, miguu iliijua. Ikapita ofisi, ikapita tangi la maji, ikakata kona kwenye ukuta uliobanduka rangi, ikaingia darasa la kidato cha tatu. Darasa lile lile. Watu wachache walikuwa wamekwisha kaa. Mazungumzo yalisita alipoingia, yakaanza upya kwa sauti ya chini. Hakumtazama mtu. Alikwenda safu ya mbele, dawati la dirishani, akakishusha kiti, akakipangusa kwa kiganja kama alivyozoea, akakaa.

Hapo ndipo watu waliponyamaza kabisa.

Hakujua kwa nini. Aliweka mkoba wake mapajani, akatazama ubao. Mwenyekiti, baba mmoja mwenye duka la dawa, alikohoa kile kikohozi chake cha uenyekiti, akainamia daftari lake. Wazazi wakaendelea kuingia. Viti vikashuka, kimoja hapa, viwili kule. Mwishowe akaja mama kijana kidogo, mshonaji, sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi, akasimama kando yake.

"Samahani, dada. Hapo ni kwa mwanangu."

"Hapana," Mama Kengele alimwambia kwa upole. "Hapa ni kwa kijana wangu. Anapenda dirishani."

Mshonaji alikuwa mgeni mjini, hakujua lolote. Akatabasamu, akageuka kuwatazama wenzake ili wamsaidie kucheka kosa dogo la dada huyu. Hakuna aliyecheka. Tabasamu likamwishia usoni taratibu.

Mama Kengele aliwatazama wote. Kisha akalitazama dawati. Lilikuwa limepakwa rangi upya. Juu yake palikuwa na alama ya kiti na vumbi la chaki. Akaelewa alichofanya, akakielewa chote, na ganzi ikabaki imekaa palepale ilipokuwa.

"Basi kaa, dada," mshonaji alisema haraka. "Kaa tu. Mimi nitasimama."

"La. Ni kwako."

Alisimama. Ikabaki kazi moja ambayo hakuijua: mahali anapokaa binti yake. Muhula baada ya muhula mtoto ametoka nyumbani akija hapa, na yeye, Kengele aliyewafuata watu hadi vyooni ili waje kuona watoto wao wanapokaa, alikuwa amesimama katikati ya darasa kama mgeni aliyepotea hotelini. Mwalimu wa darasa, mwanamke mwembamba aliyekuwa ameegemea mlango, alimwonyesha kwa kidevu: safu ya nyuma, pembeni.

Kiti kilikuwa miguu juu. Hakukishusha bado, maana mwenyekiti alikuwa amekwisha pata sauti.

"Karibu tena, Mama Kengele. Tumekukosa. Tena umefika wakati wake, maana nimehesabu. Kwa nusu inayotakiwa, tumepungukiwa kiti kimoja. Hicho ulichokishika."

"Basi nakishusha."

"Shusha, shusha. Ila..." Akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu wa utaratibu. "Ila unaijua kanuni. Mzazi aliyekosa vikao vitatu mfululizo husimama, huomba radhi mbele ya kikao, ndipo kiti chake kinahesabika. Tena hiyo kanuni si yangu. Uliileta wewe."

"Niliileta mimi," alikubali.

"Na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupikwa nayo!" fundi friji alidakia kutoka safu ya kati, mtu mrefu aliyekaa kwenye kiti cha mtoto magoti yakimfika kidevuni. "Mke wangu kalazwa, nina mtoto mchanga mgongoni, nikasimamishwa hapa. Nilitetemeka kama friji bovu! Bibi huyu kanikazia macho mpaka nimemaliza."

Watu wakacheka, wakashukuru kupata cha kuchekea. Mama Kengele alimgeukia.

"Na wewe hukupaswa kusimama."

Kicheko kikakatika.

"Neno moja tu, mama," mwenyekiti alibembeleza. "Sema 'radhi', tukihesabu, chumba cha watoto kipone, twende nyumbani. Kanuni ikivunjwa leo, kesho nani atakuja?"

Aliufikiria mlango wa chumba cha kusomea, na kufuli. Akaifikiria ile saa ya ukutani. Neno lenyewe lilikuwa dogo, hata mtoto angelitema bila kulitafuna, na alilitafuta kwa haki kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo mkobani kwa ajili ya mwanawe. Lakini kila alipopekua alikuta wodi ile, sakafu ile, yeye mwenyewe akiwa magotini akimwomba daktari, akiomba dripu, akimwomba Mungu, akiwaomba hata wafagizi.

"Silitoi," alisema.

Akakishusha kiti. Akakaa.

Kutoka kona ile, dawati la dirishani lilionekana lote, bila kichwa cha mtu kulikinga. Kwa hiyo mtoto alikuwa akilitazama kila siku ya shule, kutwa nzima, na bado kila asubuhi aliamka akavaa sare akaja. Mama Kengele aliuweka mkono juu ya dawati la binti yake. Chini ya kitambaa kitu kilianza kuwasha. Alidhani ni fundo. Halikuwa fundo, ulikuwa moto wa pasi, umechelewa siku kadhaa, sasa unabisha hodi.

"Kiti kimeshuka," fundi friji alisema, safari hii bila mzaha.

"Kimeshuka, tena kina mtu," mshonaji akaunga mkono kutoka dirishani. "Hesabu, mwenyekiti."

"Kanuni..."

"Mkuu alisema viti," mwalimu wa darasa alisema pale mlangoni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Mimi nilikuwepo. Viti vijae nusu. Msamaha hakuutaja. Nami nusu naiona."

Pakawa na minong'ono, kisha vichwa vikaanza kutikisika, cha kwanza, cha pili, safu nzima. Mwenyekiti alivitazama, akapumua kama tairi.

"Haya. Chumba kimepona. Tupange zamu."

"Jumatatu nikae mimi," Mama Kengele alisema. "Na Alhamisi. Nikitoka kwenye pasi nitakuja moja kwa moja."

"Vizuri. Vizuri sana." Mwenyekiti akatabasamu, akaona mwanya umefunguka, akajaribu kuupitia. "Sasa basi, kwa kuwa tumeshaelewana na hakuna tena cha kupoteza, kwa heshima ya kikao tu, Mama Kengele, kaneno kadogo..."

Alimkatiza akiwa amekaa, mkono umetulia juu ya dawati, sauti kavu kama ya mtu anayetaja bei ya kufua shuka.

"Kuomba kote niliomba wodini, mwenyekiti, na kukaishia huko. Nimekuja, nimekaa, na Jumatatu mtanikuta. Radhi siombi."