Jina Tunalihifadhi

Asubuhi ile Kupe alikuwa amevua viatu chini ya meza, chai yake imepoa, na ukurasa wa kwanza umezidi mstari mmoja. Msanifu wa kurasa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba cha habari: apunguze maneno, la sivyo yeye atapunguza picha. Kupe akairudia sentensi yenye tatizo. Alikuwa ameandika kwamba shahidi atapewa jina ambalo si lake halisi, kwa ajili ya usalama wake, na maelezo hayo yalikula nafasi. Akayafuta yote, akaweka mabano na maneno mawili ndani yake: jina tunalihifadhi. Mstari ukaingia, ukurasa ukaenda mtamboni, naye akavaa viatu.

Walimwita Kupe kwa kuwa aking'ata habari haachii mpaka ashibe. Hii aliing'ata muda mrefu. Ilihusu dawa za hospitali kuu, zile za kutolewa bure, zilizokuwa zikiingia bohari kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma kabla maboksi hayajafunguliwa. Mgonjwa akifika dirishani aliambiwa dawa zimekwisha, lakini ajaribu duka la ng'ambo ya barabara. Dukani zilikuwapo, tena za kumwaga, na bei zake zilimfanya mtu ajisikie nafuu kwa lazima.

Mwenye biashara hiyo alikuwa mtu mpole, mvaa suti za rangi ya majivu, ambaye mji mzima ulimwita Mjomba. Mwanasheria wa gazeti alishauri asitajwe. Kwa hiyo naye aliandikwa "mfanyabiashara maarufu" na kuwekewa mabano yake.

Shahidi alikuwa muuguzi wa hospitali hiyo hiyo, na alikuwa wifi yake Kupe, dada wa mumewe. Alimsimulia mambo yote siku moja wakikunja nguo zilizoanuliwa kambani: gari gani huja, nani hufungua geti, alama ya hospitali hukwanguliwa kwa kitu gani.

"Nasema haya, lakini ukinitaja nitakunyang'anya kaka yangu," wifi alimwambia.

"Mchukue leo," Kupe akajibu. "Na soksi zake usisahau."

Gazeti lilipofika mitaani, jina la wifi lilikuwa limeshafika ofisini. Majina ya kuhifadhiwa hukaa kwenye droo ya chini ya kabati la chuma, nyuma ya kiti cha mhariri, na kila mtu pale kazini analijua hilo kama anavyojua kwamba lifti ni mbovu. Mengine yamo miaka na miaka. Ukiinama karibu na kabati kufunga kamba za viatu, utasikia kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Kupe alikwishapeleka mle majina mengi ya watu na hakuna siku aliyojiuliza wenyewe wanabaki na nini. Hakuwahi kuwa na ndugu mle ndani.

Wodini, beji ya wifi ikawa nyeupe. Muuguzi mkuu alipoita zamu alifika kwenye nafasi yake, akasita, akakohoa, akaendelea na anayefuata. Wifi akakiitikia kikohozi. Kuanzia siku hiyo wakawa wanamwita nesi, au dada, au wewe wa kitanda cha mwisho, na kazi ikaenda.

Wiki hiyo hiyo vijana wa Mjomba walifika hospitalini kuuliza, kwa upole tu, ni nani aliyezungumza na gazeti. Wapo waliojua. Mtunza bohari alijua fika, na alikuwa na hamu kubwa ya kusema, maana riziki yake ilikuwa imetiwa mchanga. Alifungua kinywa, kikabaki wazi.

"Ni yule," alisema. "Yule wa hivi." Akainua mkono kuonyesha kimo cha mtu.

Vijana wakatazama ukumbini, wakaona wauguzi wengi wa kimo hicho, wakaomba radhi kwa usumbufu na kuondoka. Kupe aliposikia alicheka mpaka akajifuta machozi. Alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kumwambia, na usiku ule alilala usingizi wa mtu aliyefanya jambo la maana.

Polisi nao walikwenda kumkamata Mjomba, wakiwa na hati. Pale palipotakiwa kuwa na jina palikuwa peupe. Wakamuuliza mwenyewe wamwiteje, akasema, "Niiteni Mjomba, kama kila mtu." Wakakaribishwa viti na soda. Ilikuwa vigumu baada ya hapo, kwani nani anayemtia mjomba wake pingu? Waliaga vizuri.

Shida ilikuwa nyumbani kwa mama mkwe. Wifi aliishi naye, watoto wengine wakiwa wameshatawanyika na maisha yao. Mama huyu alikuwa na desturi yake: kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alisimama kizingitini na kuita watoto wake wote, mmoja mmoja, kama alivyowaita walipokuwa wadogo wakichezea barabarani. Majirani walishazoea. Waliokuwa mbali hawakuitika, wala hakuwadai. Aliyekuwapo aliitika "Abee, mama," na hapo ndipo komeo lilipoingia mahali pake.

Jioni ya siku ya gazeti aliita wote mpaka akamfikia wa mwisho. Ulimi ukakosa pa kushika.

"Ni jina la mama yangu mzazi," alisema. "Nililitoa mimi mwenyewe. Nimeliweka wapi?"

"Nipo hapa, mama," wifi alisema kutoka jikoni.

"Nakuona. Lakini sijakuita."

Mlango haukufungwa. Mama alivuta kiti akakaa kizingitini, akisema mtoto mmoja bado yuko nje. Kesho yake ikawa hivyo, na siku zilizofuata. Paka wa mtaa mzima waliingia na kutoka. Alikuwa mgonjwa wa presha, na presha haipendi mtu anayekesha kitini.

Wifi akaenda kwa Kupe. Safari hii hakukuwa na utani.

"Wifi, naomba jina langu. Mama halali."

"Likitoka, wale vijana watarudi."

"Na warudi. Nyumba yangu inalala wazi kila siku, sasa wewe unanilinda na nini?"

Asubuhi Kupe aliingia kwa mhariri bila kubisha hodi. Mhariri alikuwa akila karanga na kusoma tangazo la ukurasa wa nyuma, ukurasa mzima wa rangi, la duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

"Nataka jina la wifi yangu," Kupe alisema.

"Keti kwanza."

"Sikuja kuketi."

Mhariri akampa ufunguo. Kupe akapiga magoti, akavuta droo. Majina yalikuwa yamelala kwa safu. Ya zamani yalikuwa yamekauka pembeni, mepesi, ya watu waliosema jambo kuhusu magogo, pembe za wanyama na pasi za kusafiria, kisha hawakuja kudai chochote. La Mjomba lilikuwa katikati, nono, limejinyoosha kwa raha. Hakuna aliyekuja kulichukua, na lilionekana halina haraka. Ubavuni mwake palikuwa na nafasi tupu, bado na vuguvugu. Kupe akaweka kiganja pale. Alilijua jina lile. Alilitaja kila siku kwa miaka, kwa kulitania na kwa kuligombeza. Sasa kilichomjia kinywani ni wifi, wifi, basi.

"Liko wapi?"

"Limehifadhiwa," mhariri alisema.

"Wapi?"

"Kwa Mjomba. Alikuja kuhusu matangazo, tukazungumza. Ana sefu nzuri kuliko hili kabati." Alitafuna karanga. "Tuliandika tunalihifadhi, Kupe. Hatukuandika tunalihifadhi wapi."

"Umeliuza."

"Majina yanauzwa tangu zamani. Husikii watu wanasema fulani kauza jina lake?"

"Fulani huuza lake mwenyewe!"

"Basi hapo ndipo tulipotofautiana kidogo," mhariri alikiri, akamsogezea sahani ya karanga. Ndivyo lilivyokuwa gazeti lile: panya anayeuma huku akipuliza. Kupe aliisukuma sahani, ikamwagika, akaondoka. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mabano yale aliyaweka kwa mkono wake, ili kuokoa mstari mmoja. Angeandika tu kwamba si jina lake halisi, gazeti lingebaki na jina la uongo, na la kweli lingelala nyumbani kwa mwenyewe.

Halikuchukua muda kuonekana. Duka la ng'ambo ya barabara lilipata bango jipya, la taa, na juu yake jina la wifi lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kijani. Haliwezi kuandikwa hapa, kwa kuwa sasa lina mwenyewe. Leseni ilikuwa kwa jina hilo, mkataba wa pango pia, na stoo zote tatu. Mjomba, aliyekuwa ameishi raha mustarehe bila jina, alikuwa amepata moja safi, la mtu asiyewahi kuiba hata pamba.

Wifi alikwenda kulitazama akitoka kazini. Kupe alimkuta amesimama pale, mkoba begani.

"Limeandikwa vizuri," wifi alisema.

"Nitalirudisha. Nakuapia."

"Usijisumbue sana." Alicheka, kicheko ambacho Kupe hakukipenda. "Siku ya kula ni lake. Siku ya kufungwa nitarudishiwa."

Kupe aliandika. Aliandika kuhusu droo, mhariri, bango na bohari ambayo bado ilikuwa ikitoa dawa kwa mlango wa nyuma. Mwanasheria aliipitia, akaweka mabano kwa Mjomba, mabano kwa mhariri na mabano kwa duka. Mhariri hakuizuia, alisema ni habari nzuri, yenye uwiano. Aliitoa chini ya utabiri wa hali ya hewa, na kwa usalama wa Kupe, pale juu palipokuwa na jina lake akaweka: Na Mwandishi Wetu. Siku hiyo droo ilipata mgeni. Mume wa Kupe hakuona tofauti, maana tangu mtoto wa kwanza alikuwa akimwita mama watoto.

Dawa za mama mkwe zilipokwisha, mawifi hao wawili walimpeleka hospitalini. Dirishani waliambiwa zimekwisha, wajaribu ng'ambo. Wakamvusha barabara wamemshika huku na huku. Mbele ya duka mama aliinua macho, akalisoma bango polepole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza. Kisha uso wake ukafunguka, akaliita jina kwa sauti kubwa, mara ya kwanza tangu siku ya gazeti.

Wifi alifungua kinywa aitike. Jina lilimpita, halikumgusa.

"Naam, mama," akaitika Mjomba kutoka ndani.

Akatoka mwenyewe, na suti yake ya majivu, akamletea kiti, akamuuliza hali ya presha, akamletea vidonge vyenye alama iliyokwanguliwa. Alimsikiliza kwa adabu zote. Kupe alisema maneno makali ambayo mama mkwe hakuwahi kuyasikia kutoka kwake, na Mjomba aliyasikiliza nayo kwa adabu hiyo hiyo. Wifi alilipa.

Jioni hiyo mama alisimama kizingitini akaita watoto wake wote, akafika kwa wa mwisho, akaliita jina bila kukwama. Kutoka ng'ambo ya mji sauti ya kiume ikaitika, "Naam, mama," ya upole na ya kusikika vizuri. Mama akashukuru, akatia komeo, akalala fofofo. Presha yake imeshuka. Madaktari wameridhika.

Hivyo ndivyo inavyokwenda sasa. Wifi akiwa na zamu ya mchana hurudi giza limeshaingia, hupitia dukani, hulipa, kisha hukuta mlango umefungwa. Hubisha hodi.

"Nani?" mama huuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Wifi husimama pale, mfuko wa dawa mkononi. Siku za mwanzo alikuwa akisimama muda mrefu. Siku hizi hajisumbui.

"Nesi, mama. Nimekuletea vidonge."

Mama hufungua. Humwita mwanangu, kama anavyomwita kila mtu wa rika lile, humpokea mfuko, na humwomba azungumze kwa sauti ya chini, kwa sababu watoto wake wote wameshaingia ndani.