Sweta ya Linus

Chumba chao cha ughaibuni, mtaa wa Karama, kilikuwa na vitanda vinane na umbea wa watu themanini, kwa hiyo habari za Mirriam zilifika jikoni kabla hajavua viatu.

"Mirri, eti unasujudia sanamu?" Jecinta alimdaka, mwiko mkononi. "Mtu mzima wa kwaya! Ivy mnayefanya naye kazi amekuona, magoti chini."

"Nilikuwa nampangusa miguu, jamani. Si ndiyo kazi yangu?"

Kazi yake ilikuwa usafi kwenye maonyesho ya miungu ya Misri ya kale. Kila asubuhi, kabla ya wageni, alipangusa sanamu ya Isis, mungu wa kike. Thamer, Mmisri aliyetembeza wageni, alimwambia makuhani wa zamani walifanya hivyo hivyo: alfajiri wanafungua mlango, wanamwosha mungu, wanamvika, wanamwandalia chakula. Akamsimulia pia jinsi Osiris, mumewe Isis, alivyouawa na kukatwakatwa, vipande vikatupwa nchi nzima. Isis akazunguka kuviokota. Akavipata vyote ila kimoja, kilichomezwa na samaki.

"Akafanyaje?"

"Akatengeneza chake, akaziba pengo."

Kitambaa kilimganda Mirriam mkononi.

Kaka yake Linus, bawabu kule mtaa wa Silicon Oasis, alikuwa ameanguka lindoni wiki mbili nyuma, asiinuke tena. Wenzake wa chumba, kwa roho safi kabisa, waligawana nguo zake siku ile ile, ziwe kumbukumbu. Wangejuaje? Kwa kina Mirriam, nguo za marehemu hurudi nyumbani. Siku ya kunyolewa wafiwa, baada ya mazishi, hutandazwa uani mbele ya waombolezaji, na mama ndiye anayegawa. Ikikosekana hata moja tu, mama husema mwanawe hakufika mzima.

Mwili ulikuwa unasafiri Alhamisi. Mirriam alizunguka kwa wenzake Linus na jamaa zao kuzikusanya. Jaketi kwa Clifford, viatu kwa Adib, mashati Karama hapo hapo. Ikabaki sweta ya buluu, ile ambayo mama alimfumia Linus alipoondoka nyumbani. Hiyo ilikuwa kwa Ronny.

Jumatano Ronny alikuja mikono mitupu.

"Dada, nisamehe. Nilimpa Mnepali wa kazini, alikuwa anarudi kwao kwenye baridi. Ameshapanda ndege. Khalas, imekwenda."



Mirriam alivuta sanduku lake chini ya kitanda, akatoa sweta nyingine ya buluu. Mama alifuma mbili, uzi ule ule, kila mtoto na yake. Akainusa, akaikunja juu ya mashati ya Linus, kwenye begi la kurudi nyumbani.

"Lakini Mirri," Jecinta alinong'ona, "hiyo ndogo. Mama ataijua."

"Ataijua."

"Na wewe utabaki na nini?"

Mirriam alifunga zipu.

Alhamisi asubuhi, ndege iliyombeba Linus ikiwa imeshaondoka, alipiga magoti tena miguuni pa Isis na kitambaa kikavu. Alipoinuka, kilikuwa kimelowa chepechepe. Ivy alikuwa mlangoni, ameona yote. Siku hiyo hakwenda kumwambia mtu.