Sibariki Lifti Tupu

Wenzake walimwita Kichwangumu, na asikudanganye mtu, jina lilimkaa binti yule. Kazi yake ilikuwa kwenye dibaga, ile programu inayoisimamisha nyingine katikati ya mwendo ili fundi achungulie ndani. Ya kwao ilichungulia programu zinazoendesha lifti. Kichwangumu ndiye aliyeandika sehemu inayogeuza rundo la tarakimu kuwa maneno ya binadamu: lifti iko wapi, mlango vipi, ndani kuna watu au tupu.

Zamani maneno hayo yalikaguliwa kwa macho kabla ya kila toleo. Macho gani? Ya watu wenye njaa wanaotaka kwenda nyumbani! Akachoka, akaandika majaribio yanayojiendesha yenyewe. Mtu akigusa programu tu, yanalinganisha kinachoonyeshwa na kinachotakiwa kuonyeshwa, na vikitofautiana skrini inawaka nyekundu.

Sasa, kulikuwa na kitufe. Kama umebadilisha maonyesho kwa makusudi, unakibonyeza, na hayo mapya yanakubaliwa kuwa ndiyo sahihi. Ofisini kitendo hicho walikiita kubariki. Basi jamani, watu wakabariki! Nyekundu ikiwaka wanabariki bila hata kusoma, wanakwenda zao kunywa chai.

Asubuhi ya kutoa toleo jipya, nyekundu ikawaka. Jaribio lilikuwa limejaza watu ndani ya lifti. Skrini ikasema: tupu.

"Bariki tumalize," alisema bosi, ambaye pia alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake. "Mteja anasubiri."

"Sibariki, shemeji. Fundi akisoma tupu atakata umeme, afungue breki, lifti iende ovyo na watu wamo. Heri nusu shari. Tumwambie mteja tumechelewa."

"Nani alikuingiza kazini hapa? Ukikataa, leo ndiyo mwisho wako. Na usimpigie dada yako simu ukalie."

Kichwangumu aliogopa, tena sana. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mama yake. Lakini hasira ilimpanda. Akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Mlango nilioingilia naujua, na kutokea naweza. Njoo ubariki mwenyewe, kwa jina lako. Ila kwanza teremka ukaingie kwenye lifti ya majaribio hapo chini. Mimi nitakaa na fundi, yeye asome skrini yako."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Shemeji mtu akainama, kidole kikakifikia kitufe, kikakaa hapo, kikarudi.

"Tafuteni kosa," akasema hatimaye, bila kumtazama. "Mteja nitaongea naye mimi."

Mchana shemeji alipotoka kwenda kula, alisimama kidogo mbele ya lifti ya jengo. Mlango ukafunguka. Akaugeuzia mgongo, akashuka kwa ngazi kutoka ghorofa ya juu kabisa, na tai yake shingoni.