Gitaa la Mashoto

Ukimsikiliza Mama Taarifa, jirani wa mlango wa pili, utaapa kwamba kwa kina Mashoto damu ilimwagika. Anadai alisikia kishindo, kisha nyuzi zikalia, kisha binti akasema "umeniua" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa nusu. Kwa hesabu zake gitaa lilipasuliwa kichwani mwa mtu, na mtu huyo ni mchumba ambaye Mama Taarifa hajawahi kumwona, ila ana hakika yupo.

Hakukuwa na mchumba wala damu. Kulikuwa na kaka mtu, fundi wa redio, aliyesogeza kabati kutafuta skrubu iliyomdondoka. Gitaa la mdogo wake, Mashoto, lilikuwa limeegemea hapo. Likaanguka kifudifudi, na kile kipande cheupe kinachokaa mwisho wa shingo, chenye mikato ya kupitishia nyuzi, kikakatika. Na ni kweli binti alisema umeniua, maana jioni ile ile alikuwa aende kupiga mbele ya kiongozi wa bendi. Nafasi ilikuwa moja, na walioimezea mate hawakuwa haba.

Kaka alimwambia asijitie presha, kwani yeye ni fundi wa nini? Wa redio, Mashoto alijibu moyoni.

Kaka akaenda dukani, akarudi na kipande kipya kilichokwisha kuchongwa mikato yake. Akatandaza gazeti mezani, akavaa miwani, akaanza kuagiza kama daktari wa upasuaji. Lete kitambaa. Lete kisu butu. Lete taa, hapana, si hiyo. Mashoto alikwenda na kurudi mpaka nyayo zikamuwaka moto. Hata hivyo alimtazama kwa makini kaka yake akikigonga ubavuni kipande cha zamani kilichobaki kwa mpini wa bisibisi, taratibu, mpaka kikaachia bila kuchubua mbao. Hapo alimpa haki yake. Akamwomba jambo moja tu: asigandishe kipya kabla nyuzi hazijajaribiwa. Kaka akaitikia ndiyo, ndiyo, akamtuma maji ya kunywa.

Aliporudi na kikombe, kipande kilikuwa kimeshaganda, tena kwa ile gundi kali ya soli za viatu, na kaka anafunga nyuzi huku anapiga mluzi.

Mashoto akainama kutazama. Uzi mnene ulikuwa umekaa juu ya mkato mwembamba kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Uzi mwembamba nao, ndani ya mkato mpana, ulicheza kama jino linalotaka kung'oka. Hakuhitaji kuuliza. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, na nyuzi zake hufungwa kinyume cha za wengine. Mtaa mzima unajua, ndiyo maana wakamwita Mashoto, na aliyeanzisha jina hilo ni huyu huyu kaka, tangu zile siku alizokuwa akimhamishia kijiko mkono wa pili wakila, bila ukali, kama anayemfunga mtoto kifungo cha shati.

"Kaka, umekiweka kinyume."

"Nimekiweka kama watu wote wanavyokiweka."

"Na mimi je?"

Fundi akatazama kipande, akatazama mkono wa mdogo wake, akajikuna kisogo. Mwingine hapo angesema samahani. Yeye alisema kwamba, kwa kweli, huu ndio ulikuwa wakati mzuri wa kujifunza kupiga kwa kulia.

"Leo?"

"Kwani ni kazi gani? Vidole si ni vile vile?"

Mashoto akavuta kiti, akaketi, akaeleza polepole kama anayemweleza mgonjwa masharti ya dawa: kipande ni kizima, kigongwe kitoke kama kile cha zamani, kigeuzwe, basi, kila uzi utapata mkato wake. Ni kazi ya dakika chache.

Kaka akacheka. Akasema kubandua ni kazi ya mtu aliyekosea. Akaulegeza uzi mnene, akauweka kando, akavuta tupa nyembamba kutoka kwenye boksi lake. Atapanua ule mkato mwembamba, alisema, na ule mpana ataujaza gundi.

"Ukiupanua, hata nikikigeuza hakitafaa tena," Mashoto alisema. "Na duka limeshafungwa. Kaka, nakuomba. Weka tupa chini, unipe gitaa langu."

Kaka akapuliza vumbi kwenye shingo ya gitaa, akasogeza taa karibu, akaipachika ncha ya tupa kwenye mkato.